MZAHA WA MTUME NA MZAHA WETU

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wawili wa hapa kwetu Majengo walitujia baada ya darsa, kila mmoja kwa wakati wake, wakatuletea swali moja kwa njia mbili. Wa kwanza ni kijana aliyeishika dini yake kwa nguvu, Mwenyezi Mungu amzidishie. Alitaka tuwaandikie watu ya kwamba kutaniana barazani, na kufanyiana utundu wa kuchekesha nyumbani na njiani, ni katika upuuzi ambao Muumini hana budi kuupa kisogo. Wa pili ni mzee wa maneno matamu. Alitwambia kwa kicheko, na nyuma ya kicheko chake mlikuwa na uchungu, kwamba tangu watoto wetu waanze kusoma, nyumba zao zimekuwa kama matanga yasiyo na maiti: baba akiingia watoto hunyamaza, na mama hukunja uso kwa kuogopa kuambiwa hana haya.

Wote wawili wana haki ya kujibiwa, na jambo lenyewe si dogo kama linavyoonekana. Mtu aweza kuondoka katika msikiti, wala si kwa kuwa ameshindwa na sala, bali kwa kuwa alichekwa mlangoni. Na mtoto aweza kuichukia dini si kwa kuwa ni nzito, bali kwa kuwa watu walioibeba mbele yake hawakumwonyesha meno yao hata siku moja.

Kwanza yafaa tujue ya kwamba mlango huu si mgeni kwa wanachuoni wetu. Imam Tirmidhi, katika kitabu chake cha Shamail alichokusanya sifa za Mtume (S.A.W.), ameweka mlango mzima juu ya mizaha yake. Imam Bukhari naye, katika Al-Adab al-Mufrad, ametaja kuwa Sahaba walikuwa wakirushiana matikiti kwa mchezo, na yanapokuja mambo ya kweli ndio hao hao waliokuwa wanaume. Basi fikiri, ndugu msomaji. Watu waliosimama katika Badr na Uhud walikuwa na wakati wa kutupiana matikiti, na sisi ambao vita vyetu vikubwa ni vya foleni ya maji twaona kucheka kutatupunguzia heshima!

Na yule kijana wetu atakumbuka khabari ya Hanzala, iliyomo katika Sahihi Muslim. Hanzala alitoka nyumbani akilia ya kuwa amekuwa mnafiki, kwa sababu akiwa mbele ya Mtume huiona Pepo na Moto kama kwa macho yake, lakini akirudi kwa mkewe na wanawe na mashamba yake husahau mengi. Sayyidna Abubakar akamwambia kuwa hata yeye hupatwa na hali hiyo. Wakaenda wote wawili kwa Mtume, naye hakuwaambia waache wake zao na watoto wao. Aliwafahamisha ya kwamba lau wangedumu katika hali ile waliyo nayo mbele yake, Malaika wangewashika mikono vitandani mwao na njiani mwao, lakini kuna saa ya hili na saa ya lile. Hii ndiyo dini tuliyoletewa. Mwenye kuiondoa saa ya pili hakuizidisha ya kwanza.

Sasa tuitazame mizaha yenyewe, kwani tumezoea kusema kwamba Mtume alikuwa akifanya mzaha na kwamba hakuwa akisema ila kweli, kisha tukaishia hapo. Twaona lipo jambo jingine ndani yake.

Mtu mmoja alimwendea akimwomba mnyama wa kupanda. Mtume akamwambia kuwa atampandisha juu ya mtoto wa ngamia. Maskini yule akastaajabu: atakifanyia nini kitoto cha ngamia? Mtume akamwuliza kama yuko ngamia yeyote asiyekuwa mtoto wa ngamia. Wameipokea Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Anas.

Ajuza mmoja alimwomba amwombee kuingia Peponi. Mtume akamwambia kwamba ajuza haingii Peponi. Bibi yule akageuka akilia. Hapo Mtume akawaamrisha waliokuwapo wamfahamishe kuwa hataingia hali ya kuwa mkongwe, kwani Mwenyezi Mungu amesema katika Suratul Waqia kuwa wanawake wa huko amewaumba kwa umbo jipya na kuwafanya wanawali. Hii ameipokea Tirmidhi katika Shamail kutoka kwa Hasan al-Basri.

Na alikuwako mtu wa shamba, bedui, jina lake Zahir, ambaye hakuwa na sura ya kupendeza. Alikuwa akimletea Mtume vitu vya shamba, na Mtume akimtayarishia vya mjini kila akitaka kurejea. Siku moja Mtume alimkuta sokoni akiuza bidhaa zake. Akamjia kwa nyuma, akamkumbatia hali ya kuwa hamwoni. Zahir akawa anapiga kelele aachiwe, lakini alipogeuka na kujua ni nani aliyemshika, hakutaka tena kuachiwa. Akawa anaubana mgongo wake katika kifua cha Mtume. Mtume akawa ananadi, nani atakayemnunua mtumwa huyu? Zahir akasema kwamba wallahi atamkuta ni bidhaa isiyotoka. Mtume akamjibu kwamba yeye mbele ya Mwenyezi Mungu si bidhaa ya rakhisi, bali thamani yake ni kubwa.

Na yule mtoto mdogo, Abu Umayr, nduguye Anas, alikuwa na kidege chake akicheza nacho, na kidege kikafa. Mtume alipomwona amenyong'onyea alimwuliza khabari za kidege kile kwa maneno mawili yenye vina, mpaka jina la mtoto na jina la ndege yakawa yanafuatana kama wimbo. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, na mwanachuoni wa Kishafi, Ibn al-Qass, ameandika risala peke yake juu yake akatoa humo faida zipatazo 60. Nasi twaongeza swali tu: ni wangapi kati yetu ambao mtoto akifiwa na kifaranga chake humwona hata huko kuinama kwake?

Hebu zipange khabari hizi nne mbele yako, kisha tazama kila aliyetaniwa aliondoka na nini. Wa kwanza alikuja hana mnyama akaondoka na ngamia. Bibi alikuja na uzee wake akaondoka na ahadi ya ujana. Zahir alikuja na sura aliyojua mwenyewe kuwa watu hawaitazami mara mbili, akaondoka na thamani iliyonadiwa sokoni, mbele ya wale wale waliokuwa wakimpita. Mtoto alikuwa na huzuni akaondoka na jina lake limetiwa vina. Mzaha wa Mtume (S.A.W.) ulikuwa ukimpa mtu kitu. Hatujui hata mmoja ambao mwenye kutaniwa aliondoka nao akiwa pungufu kuliko alivyokuja, wala hata mmoja ambao aliachwa na kilio chake usiku kucha ndipo afunuliwe maana.

Sasa geuza uso, tazama mizaha ya mitaa yetu. Mara ngapi yule mwenye kutaniwa hurudi nyumbani kwake na kitu kimetolewa mfukoni mwake: jina lake, au heshima yake, au usingizi wake? Hapo ndipo tofauti ilipo, na kwa mizani hii twaweza kuwajibu wote wawili, kijana na mzee.

Majengo haya, ndugu zetu, hayakuwa mji wa ukoo mmoja. Viwanja vyake vilipogawiwa mwanzo wa miaka ya 1920, waliokuja kujenga kwa mikono yao walikuwa watu wa kila upande: Waswahili wa pwani na Wadigo, Wanyamwezi na Wamanyema waliokuja na misafara au nyuma yake, na Wakikuyu na Wakamba waliosilimu na kuacha jamaa zao. Wengine walihamishwa kutoka vijiji vya zamani vya Nairobi ambavyo serikali ya kikoloni ilivivunja kimoja baada ya kimoja. Pangani ilivunjwa mwisho wa miaka ya 1930, na watu wake wengi wakapelekwa Shauri Moyo. Watu kama hawa walikaa nyumba moja, vyumba vikitazamana ukumbini, choo kimoja na uwanja mmoja. Twaona kama si utani wasingalikaa. Mnyamwezi akimwambia mwenziwe wa pwani kwamba amekuja bara kutafuta kivuli, na wa pwani akimjibu kwamba yeye amezoea kubeba hata asipoambiwa, wote wawili wakacheka wakala sahani moja, huo ulikuwa mlango wa udugu. Kutoka mrima mpaka Tabora utani wa makabila ulikuwa na wajibu wake: mtani ndiye aliyekutana nawe ukiwa mgeni, akakudhihaki kwanza, kisha akakuonyesha pa kulala. Huo haukuwa ukinyang'anya kitu. Ulikuwa ukimpa mgeni mwenyeji.

(Ama yale waliyokuwa wakiyafanya watani makaburini, kuizuilia maiti mpaka wapewe pesa, au kujilaza kaburini huku jamaa wamesimama na jeneza, hayo hatuyatetei. Maiti huharakishwa, na mfiwa hatozwi.)

Lakini mji wa watu wa kila upande una jeraha lake, nalo ni lile lile jeraha kwa kila nyumba. Humo mna watu wasiojua kaburi la babu yao liko wapi. Mna nyumba nyingi zilizojengwa na mabibi, wakarithi waliolelewa na kuitwa wana, ijapokuwa hawakuzaliwa nao. Mna waliosilimu, na baba zao wakafa hawajawasamehe. Basi mzaha wa kumwuliza mtu ukoo wake mbele ya watu, au kumwita wa kuja, au kumkumbusha jina alilokuwa akiitwa kabla ya kusilimu, huo hapa Majengo si mzaha hata mara moja, ingawa penginepo labda ungekuwa mdogo. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratul Hujurat, aya ya 11, wanaume kuwadharau wanaume na wanawake kuwadharau wanawake, na kuitana kwa majina mabaya, na akataja kwamba huenda wanaodharauliwa wakawa bora kuliko wanaodharau. Na Abu Dharr, pamoja na utukufu wake wote, alipomtia mtu aibu kwa mama yake, na imetajwa kuwa mtu huyo ni Bilal, Mtume alimwambia kwamba ni mtu ambaye bado ndani yake mna ujahili. Hakumwambia kwamba ni utani tu.

Wapo watakaosema: lakini mwenyewe alicheka! La. Kucheka si hoja. Mwenye nyumba akimfanyia mzaha mpangaji wake ambaye kodi ya mwezi imemshinda, mpangaji atacheka. Atacheka hata ikiwa moyo wake unavuja damu, kwani akikunja uso hajui atalala wapi. Mwalimu na mwanafunzi wake ni hivyo hivyo, na tajiri na mtumishi wake. Ikiwa mwenzio hawezi kukurudishia mzaha wako kama ulivyompa, basi hicho si kicheko, ni kodi nyingine umemtoza. Tazama tena: Zahir alimjibu Mtume. Sayyida Aisha alimshinda Mtume kwa mbio walipokuwa safarini, na miaka ilipopita na mwili wake umezidi, Mtume akashindana naye tena akamshinda, kisha akamwambia kuwa hii ni kwa ile. Miaka yote hiyo aliiweka deni! Hii ndiyo nyumba ya Mtume, na mume asiyeweza kushindwa na mkewe hata kwa mchezo na ajitazame anamfuata nani.

Na jambo jingine ambalo vijana wetu hawalitii akilini ni kutisha watu. Imo katika Abu Daud kwamba Sahaba walikuwa safarini pamoja na Mtume, mmoja wao akalala, wenziwe wakaichukua kamba aliyokuwa nayo, naye alipoamka akafazaika. Katika mapokezi ya Imam Ahmad vilivyochukuliwa ni mishale, na watu wakacheka. Mtume hakucheka pamoja nao. Alisema kuwa si halali kwa Muislamu kumtisha Muislamu mwenziwe. Kamba tu, ndugu zetu! Tena kamba iliyokuwa itarudishwa.

Basi yule anayepita usiku wa manane akapiga kelele za moto ili awaone watu wanavyotoka na shuka, na ajue anacheza na nini. Mwezi wa Juni mwaka 2018 moto wa Gikomba, hapa hapa ubavuni mwetu, uliua watu wasiopungua 15, na wengine wakakimbia wakaacha kila walichokuwa nacho. Mama aliyetoka na mtoto mgongoni usiku ule hawezi kulisikia neno hilo kama wewe unavyolisikia. Na anayegonga mlango kwa kishindo, akaigeuza sauti, akajifanya askari wa polisi, na amwulize bibi yake khabari za Aprili 1954, Waingereza walipoizunguka Nairobi kwa askari na kupekua nyumba kwa nyumba katika msako waliouita Anvil. Au amwulize jirani yake wa Eastleigh khabari za Aprili 2014, watu walipochukuliwa kwa malori mpaka kiwanja cha mpira cha Kasarani. Utundu hauna madhara kwa jina lake. Hupimwa kwa moyo wa yule unayemfanyia, na moyo wa mtu wa Majengo una mambo mengi ndani yake ambayo kijana wa juzi hakuyaona.

Siku hizi imezuka namna nyingine, nayo ni mbaya kuliko hizo, kwa sababu haina mwisho. Mzee amesali, ametoka, viatu vyake havipo. Anainama, anatafuta, anawauliza watu, na macho yake si yale ya zamani. Pembeni wako vijana wawili, mmoja ameficha viatu na mwingine ameinua simu. Viatu vitarudishwa, ndiyo, na mzee labda atasamehe. Lakini ile picha itarudishwa na nani? Imekwisha kwenda Mombasa na Maskati, wanamcheka watu ambao hawatamwona wakamwomba radhi. Mtume amekataza mtu kuchukua kitu cha nduguye, kwa mchezo au kwa kweli; wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Hapo zamani makosa haya yalikuwa yakifa barazani jua likitua. Leo hayafi, na mwenye kuyasukuma mbele kwa kidole chake ni mshirika katika dhambi, asijidanganye kuwa yeye alipokea tu.

Tutaje pia uwongo, kwani wengi wa wachekeshaji wetu mtaji wao ni huo. Mtume amemtahadharisha kwa ole, tena mara kwa mara, mtu anayesema uwongo ili awachekeshe watu. Na tutaje talaka. Mambo matatu, amesema Mtume, kwa kweli yake ni kweli na kwa mzaha wake ni kweli: ndoa, talaka na kumrejea mke. Imamu wetu Shafi na wanachuoni walio wengi wameifuata hadithi hii. Basi mume aliyemwambia mkewe neno la talaka kwa kuwachekesha rafiki zake, akidhani atarudi kula chakula chake kama kawaida, na aende kwa mashekhe akaulize hali yake kabla ya kuingia chumbani. Hatupendi kuliandika hili, lakini tumeletewa swali lake zaidi ya mara moja.

Yule mzee wetu sasa atasema: mmemjibu kijana, na mimi je? Mmetaja matano ya haramu, halali iko wapi?

Halali, mzee wetu, ni pana, na mfano wake ni ule mtoto wa ngamia. Mtu atoka kazini, apita Gikomba, anunua samaki. Afika mlangoni na kikapu nyuma ya mgongo, amwambia mkewe kwamba leo amekuja na mgeni kutoka ziwani, amesafiri usiku kucha, hali wala hanywi chai, na mahali pake si ukumbini bali jikoni. Mke atengeneza leso yake, atazama nyuma ya mumewe, akimbilia kuokota vyombo. Je, mume amesema uwongo? Hata neno moja. Amemtisha? Hata kidogo. Na mwisho wake mke amepata nini? Amepata samaki, na amepata mume ambaye njia nzima alikuwa akimfikiria yeye. Watoto nao wataisimulia miaka. Mzaha huu hauna gharama, wala hauhitaji simu.

Au yule bibi ambaye hawapi wajukuu vitumbua ila wategue vitendawili kwanza. Wakishindwa, ampe mji! Mmoja ampe Lamu, mwingine ampe Mombasa, mdogo kabisa kwa hasira ampe Nairobi nzima na majumba yake. Naye bibi akae juu ya mkeka akijitangaza kuwa sasa yeye ndiye mwenye Nairobi, na anawasamehe kodi wote, na vitumbua wale. Au babu anayemwita mjukuu wake wa kike mke wangu, na mjukuu akamjibu kwamba hataki mume asiye na meno. Mtume mwenyewe alimwita Anas, aliyekuwa akimtumikia, mwenye masikio mawili. Ni nani asiyekuwa na masikio mawili? Lakini kijana yule alilibeba jina hilo mpaka uzeeni akalisimulia kama sifa, na lau si yeye tusingalilijua.

Na iko khabari ya Nuayman, aliyekuwa mchekeshaji wa Madina. Husimuliwa kwamba katika safari ya biashara kwenda Busra pamoja na Sayyidna Abubakar, yeye na mwenziwe Suwaybit mmoja alimwuza mwingine kwa mabedui kwa jina la mtumwa, akawatahadharisha mapema kuwa atapiga kelele kudai ni mwungwana, wasimsikilize. Wapokezi wamekhitalifiana nani aliyemwuza nani. Abubakar aliporejea aliwarudishia watu ngamia wao akamchukua mtu wake, na khabari ilipomfikia Mtume yeye na Sahaba waliicheka mwaka mzima. Wanachuoni wametia maneno katika isnadi yake, wala hatujengi juu yake hukumu ya kuuza watu kwa mchezo! Lakini na tukumbuke kicheko kile kilikuja baada ya ngamia kurudishwa na mtu kuwa huru. Aliyeharibiwa alikuwa amekwisha lipwa.

Kwa hiyo twamwambia kijana wetu kwamba asiharimishe alilolifanya aliye bora kuliko yeye. Na twamwambia kwamba watu wa mtaa huu waliomwona akikua, na kumpa chai alipokuwa hana, wana haki juu yake ya uso mkunjufu. Akiingia barazani na wazee wamo katika utani wao wa siku zote, akae. Wakitoka katika mpaka, aseme kwa upole. Na lililo bora ni awageuzie mazungumzo kwa mzaha ulio mzuri kuliko wao, akiuweza. Ndugu zake Yusuf walimwendea baba yao kwa neno la mchezo, wakamwomba amwachie mtoto wacheze naye, na moyoni mwao mlikuwa na kisima. Baba yake hakuwakemea kwa kutaja mchezo. Alilohofia ni mbwa mwitu na kughafilika kwao. Hata Nabii Yakub, pamoja na yote aliyokuwa akiyahofia, hakusema kwamba mtoto hafai kucheza.

Yamebaki maswali mawili madogo yaliyokuja pamoja na haya. La kwanza, ni juu ya desturi ya jamaa za bibi harusi kumfungia bwana harusi mlango wa chumba mpaka atoe pesa. Jibu letu ni kwamba ni mchezo mzuri maadam pesa ni kidogo, mwenyewe anazo mfukoni na amezitayarisha kwa hilo, wala hapana wanaume na wanawake wasio maharimu kusukumana mlangoni. Ikiwa kijana amekopa mpaka shati alilovaa, na watu wanajua, basi wafungue. La pili, ni juu ya vijana wanaopita na madebe katika Ramadhani kuamsha watu kula daku. Hilo lina upande wa furaha, na lina upande wa wagonjwa na wa wazazi waliolala hospitali ya Pumwani na watoto wao wa siku moja, nalo lahitaji maneno marefu kuliko nafasi iliyobaki. Tutalijibu katika toleo lijalo, Inshaallah.